Tiba ya uboho ianzie kwenye kapsuli, si kwenye wodi

Kila inapokaribia tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, swali lilelile hurudi kwenye redio zetu: kwa nini mtoto wa Uganda asafirishwe hadi India kupandikizwa uboho, wakati majirani zetu wa Tanzania wameshaanza kazi hiyo kwao? Swali ni la haki. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023. Miaka miwili kabla ya hapo, Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza na wagonjwa wa saratani ya damu. Mtu akiuliza "na sisi lini?", hajakosea.

Ila swali hilo limeruka ngazi kadhaa. Wodi ya kupandikiza uboho naitaka, tena naitaka hapa Kampala, na chini nitaeleza kwa nini naamini familia za Uganda zina bahati fulani ambayo familia nyingi za Ulaya hazina. Lakini uboho wa maelfu ya watoto wetu unaweza kusaidiwa mwaka huuhuu kwa kapsuli inayomezwa kwa maji, ya dawa iitwayo haidroksiurea, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka hospitali za hapa kwetu, Mulago ya Kampala na Mbale ya mashariki. Tukianza na jengo, tutawaokoa wachache mbele ya kamera huku wengi wakizikwa vijijini bila hata kujulikana walikuwa na ugonjwa gani.

Tuanze na uboho wenyewe. Yale mafuta unayoyanyonya kwenye mfupa wa supu ya mulokony siyo ninayoyazungumzia. Mfupa wa mguu wa ng'ombe aliyekomaa umeshajaa mafuta. Uboho unaotengeneza damu ni mwekundu, na kwa mtu mzima hukaa zaidi kwenye nyonga, kidari, uti wa mgongo, mbavu na fuvu. Humo mna seli chache mno, moja kati ya seli elfu kumi au hata zaidi, ziitwazo seli shina. Seli shina inaweza kujinakili na kubaki kama ilivyo. Inaweza pia kuzaa seli nyingine zitakazopevuka kuwa chembe nyekundu za kubeba oksijeni, chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, na chembe sahani za kugandisha damu jeraha linapotokea. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kwa siku. Mkulima wa matoke ataelewa haraka: machipukizi yote hutoka kwenye tunguu lililo ardhini, na tunguu likiwa na kasoro, kukata majani hakusaidii kitu.

Waliotuthibitishia kuwapo kwa seli hizi ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto. Mwaka 1961 waliwachoma panya kwa mionzi mpaka uboho wao ukafa, kisha wakawadunga uboho wa panya wengine. Kwenye wengu za panya hao viliota vivimbe vidogo, na baadaye ikaonekana kwamba kila kivimbe kilitokana na seli moja tu. Kazi yote ya kupandikiza uboho imesimama juu ya jambo hilo.

Magonjwa ya damu hutofautiana kwa namna uboho unavyokosea. Kwenye saratani ya damu, seli moja huasi na uzao wake ukaziba nafasi ya wengine. Kuna ugonjwa ambao seli shina zenyewe hupungua mpaka uboho ukabaki mtupu, na mgonjwa huishiwa damu, kinga na uwezo wa kugandisha damu kwa pamoja. Selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, ni habari nyingine kabisa. Humo seli shina ni nzima na zina bidii kupita kiasi. Tatizo ni agizo zinalofuata: herufi moja kwenye jeni ya himoglobini imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino moja, ya sita kwenye mnyororo wa beta, imewekwa isiyo yake. Himoglobini hiyo ikipoteza oksijeni hujipanga kama fito, chembe ikajikunja kama mundu, ikaziba mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20.

Fikiria maana yake kwa uboho. Inabidi utengeneze damu mara sita au zaidi ya kawaida ili tu mtoto asimame. Ndiyo maana paji la uso la baadhi ya watoto hawa hutokeza: uboho umepanuka ndani ya fuvu ukitafuta nafasi. Na ndiyo maana kirusi kidogo kiitwacho parvo B19, ambacho kwa mtoto mwingine huleta homa na vipele tu, kinaweza kumuua mtoto wa selimundu. Kirusi hicho husimamisha utengenezaji wa chembe nyekundu kwa wiki moja hivi. Mwenye chembe za siku 120 hata hagundui. Mwenye chembe za siku 15 huishiwa damu.

Uganda imo ndani ya habari hii tangu zamani. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha uchunguzi wao wa makabila ya nchi hii, na kwa Bamba wa Bundibugyo walikuta watu wapatao 45 kati ya 100 wakibeba jeni moja ya selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison akaeleza sababu. Alipima watoto wa Kiganda waliokuwa wakiishi kandokando ya Kampala, akaona vimelea vya malaria kwa asilimia 28 hivi ya waliokuwa na jeni moja, na kwa asilimia 46 hivi ya wasiokuwa nayo. Aliyerithi jeni moja analindwa na malaria. Aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye anayelipa gharama ya ulinzi huo. Maneno ya "ukoo umelogwa", au ya kumrudisha mwanamke kwao kwa kuwa "amezaa wagonjwa", hayana pa kusimama: bila jeni ya baba mtoto huyo asingeugua.

Ramani ya leo tuliipata mwaka 2016, ilipochapishwa kazi ya wataalamu wa hapa na wenzao wa Marekani. Nimekuwa nikiisifu kila nipatapo nafasi, kwa sababu ilifanywa kwa akili ya mtu asiye na fedha nyingi. Hawakwenda nyumba kwa nyumba. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamefika maabara kuu ya afya ya umma Kampala kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga kutoka kila wilaya. Sampuli 97,631. Asilimia 13.3 ya watoto walikuwa na jeni moja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Makadirio yanayotumika ni kwamba kila mwaka huzaliwa Uganda watoto kati ya 15,000 na 20,000 wenye selimundu. Na kwa Afrika kwa jumla, makadirio ya wataalamu ni kwamba nusu mpaka asilimia 90 ya watoto wa namna hii wasiogunduliwa mapema hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Mbio za Siku ya Kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zilitumia miaka ya 2017 hadi 2019 kuhamasisha watu juu ya ugonjwa huu, na tangu hapo makanisa mengi yanawaambia wachumba wapime kabla ya ndoa. Vizuri. Lakini kupima wachumba hakumsaidii mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na ndoa nyingi za kwetu huanza na mimba, kanisani watu wakaenda baadaye.

Sasa kapsuli. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, alieleza jambo ambalo wakunga wetu pia huliona: mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa hana dalili, ananawiri, na maumivu huanza baada ya miezi kadhaa. Mara nyingi huanza na vidole vya mikono na miguu kuvimba. Kilichokuwa kikimlinda ni himoglobini ya utotoni, ile aliyoitumia tumboni, ambayo haijikunji. Inapopungua na nafasi yake kuchukuliwa na himoglobini ya ukubwani, ugonjwa hujitokeza. Kwa hiyo kuna njia ya kuurekebisha uboho bila kuung'oa: kuubembeleza uendelee kutengeneza himoglobini ya utotoni. Haidroksiurea hufanya hivyo. Ni dawa ya zamani, iliyotumika kwanza kwa saratani za damu, na imetumika kwa selimundu Marekani tangu miaka ya 1990.

Kwetu ilicheleweshwa na hofu moja ambayo haikuwa ya kijinga. Dawa hii hupunguza kidogo chembe nyeupe, basi je, mtoto wa Uganda anayeumwa na mbu kila usiku hatakufa kwa malaria? Jibu lilitafutwa Mulago. Watoto zaidi ya 200 waligawanywa, wengine wakapewa dawa na wengine kapsuli tupu, na matokeo yalipotoka mwaka 2017 malaria haikuwa imezidi kwa waliomeza dawa. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600. Ukilinganisha na kabla ya kuanza dawa, mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ilipungua kwa theluthi mbili, vifo vilipungua kwa asilimia 70, na malaria yenyewe ilipungua kwa nusu. Mwaka uliofuata Mulago ikaonyesha tena kwamba kuongeza dozi kidogo kidogo mpaka kiwango ambacho mwili unakivumilia ni bora kuliko kubaki na dozi ndogo isiyobadilika. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati.

Nasimama hapa makusudi. Ni mara ngapi dunia imejifunza namna ya kutumia dawa kwa watoto wa Mulago na Mbale, halafu mtoto wa kijiji kilicho kilomita chache kutoka Mbale akafa bila kuisikia? Dawa hii haihitaji chumba kisichoingia vumbi. Inahitaji mtoto ajulikane mapema, apimwe damu mara kwa mara ili dozi isizidi, na rafu ya kituo cha afya isikae tupu. Sharti la mwisho ndilo gumu. Haidroksiurea humezwa kila siku kwa miaka. Ikikatika miezi miwili, himoglobini ya utotoni hushuka na mtoto anarudi alipokuwa. Mzazi wa Alebtong, huko kaskazini, akifika kituoni mara mbili akaambiwa "dawa haijaja", mara ya tatu hatapanda boda.

Basi kwa nini bado nataka wodi? Kwa sababu haidroksiurea hupunguza ukali wa ugonjwa bila kuuondoa, na kuna watoto ambao dawa hiyo haiwatoshi: aliyepatwa na kiharusi, ambaye kifua kinamziba mara kwa mara, ambaye maumivu hayasikii dozi yoyote. Na kuna wagonjwa wa saratani ya damu na wa uboho uliokauka, ambao kapsuli hii si yao kabisa.

Kupandikiza uboho kunaogopesha watu kwa sababu zisizo zake. Hakuna anayepasuliwa mgongo. Mchangiaji hulazwa usingizi, sindano ikaingizwa kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta uboho kiasi, au hupewa sindano za kuzifanya seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia kwenye damu, zikachujwa na mashine. Uboho wake hujijaza tena baada ya wiki chache. Kwa mgonjwa, seli hizo huingia kwa mshipa kama damu ya kawaida, na zenyewe hutafuta njia mpaka ndani ya mifupa.

Hatari ipo kabla na baada ya hapo. Kabla, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake wa zamani, dawa ambazo zinaweza pia kumnyima uzazi. Baada ya hapo, kwa wiki mbili hadi nne hana kinga wala chembe sahani, na ukungu mdogo tu wa ukutani unaweza kummaliza. Halafu kinga mpya, ambayo ni ya mtu mwingine, inaweza kumshambulia ngozi, ini na utumbo. Hata hivyo, kwa mtoto wa selimundu aliyepewa uboho wa ndugu anayefanana naye, zaidi ya 90 kati ya 100 huishi. Uwezekano huo ulionekana mara ya kwanza karibu kwa bahati. Mwaka 1984 Marekani iliripotiwa habari ya msichana wa miaka minane mwenye saratani ya damu, aliyekuwa na selimundu pia. Walimpandikiza kwa ajili ya saratani, na yote mawili yakaondoka.

Hapa wengi huchanganya jambo moja. Kuna upandikizaji wa seli za mgonjwa mwenyewe, ambazo huvunwa, huhifadhiwa, kisha hurudishwa baada ya dawa kali. Unafaa kwa baadhi ya saratani, na Muhimbili ndiko ilikoanzia. Kwa selimundu hauna maana, kwani unarudisha agizo lilelile lenye kosa. Selimundu inataka uboho wa mtu mwingine.

Na mtu huyo yuko wapi? Hapa ndipo ile bahati niliyoitaja. Kufanana kwa uboho kunategemea vitambulisho vilivyo juu ya chembe, ambavyo Mfaransa Jean Dausset aligundua cha kwanza mwaka 1958. Tunavirithi kwa mafungu, nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, vitambulisho viko kwenye ya 6, na kurithi kimoja hakuzuii wala hakulazimishi kurithi kingine. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, ndugu ana nafasi tatu kati ya nne ya kutokuwa mgonjwa. Zidisha: nafasi 3 kati ya 16 kwamba ndugu fulani anafanana na mgonjwa na mwenyewe ni mzima. Ndugu mwenye jeni moja anakubalika kuchangia. Hana haja ya kuwa safi kabisa.

Kwa familia ya Ulaya yenye mtoto mmoja tu zaidi ya mgonjwa, hiyo ni asilimia 19 tu. Lakini utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha mwanamke wa Uganda huzaa watoto 5.2 kwa wastani. Mgonjwa mwenye ndugu wanne wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 56 ya kumpata mchangiaji hapohapo nyumbani, akila naye sahani moja. Tunasikia kila siku kwamba Waafrika hawapati wachangiaji kwenye orodha za kimataifa, na ni kweli. Lakini orodha ya kwanza ya Mganda iko sebuleni kwake. Kinachokosekana ni maabara ya kusoma vitambulisho kwa bei ambayo bodaboda anaweza kuilipa.

Kuna kikwazo kimoja ambacho madaktari hukisema kwa sauti ya chini. Hesabu hii ni ya ndugu wa tumbo moja na baba mmoja. Nyumba yenye wake watatu na watoto kumi na wawili inaonekana tajiri kwa wachangiaji, kumbe wale wa mama tofauti kwa kawaida hawapati zaidi ya nusu ya kufanana. Na maabara inaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayedhaniwa. Kabla ya kupima familia nzima, ni lazima iamuliwe nani ataambiwa nini, na nani hataambiwa.

Kwa wasiompata wa kufanana kabisa, sasa kuna upandikizaji wa nusu kwa nusu, ambapo mzazi anaweza kuchangia. Dawa iliyowezesha hilo, inayotolewa siku chache baada ya kupandikiza ili kuzinyamazisha chembe zinazoshambulia, ni saiklofosfamaidi. Kampala inaijua dawa hiyo kuliko miji mingi. Ni moja ya zile Denis Burkitt alizowapa watoto wenye uvimbe wa taya hapa Mulago miaka ya 1960, na iliyotumiwa na Taasisi ya Saratani ya Uganda tangu kuanzishwa kwake mwaka 1967, wakati dunia ilikuwa bado ikibishana kama saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Kwa hiyo anayesema Mganda hawezi kazi hii hajui historia ya kilima cha Mulago.

Ugumu uko kwenye hesabu. Mgonjwa mmoja hukaa chumba cha peke yake mwezi mzima au zaidi. Chumba kimoja, hata kikisimamiwa vizuri, hakizidi wagonjwa kumi kwa mwaka. Vyumba kumi, wagonjwa mia moja. Weka mia moja hiyo kando ya watoto 15,000 wanaozaliwa, na kumbuka wagonjwa wa saratani ya damu wako kwenye foleni hiyohiyo.

Halafu damu. Aliyepandikizwa anahitaji damu na chembe sahani mara kwa mara, na chembe sahani zikikamuliwa hudumu siku tano hivi tu. Benki ya damu ya Nakasero hutegemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, wodi za watoto huhisi. Kuzindua wodi ya uboho mwezi Desemba juu ya benki ya damu inayokauka kila likizo ni kumwalika mgeni wakati jikoni hakuna moto. Ndiyo maana nasema haidroksiurea hutengeneza pia njia ya wodi: dawa inayopunguza kuongezewa damu kwa theluthi mbili huacha damu kwenye jokofu kwa ajili ya wengine.

Kuhusu kurekebisha jeni sitasema mengi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ambayo seli shina za mgonjwa hutolewa, jeni yao ikakatwa ili zitengeneze tena himoglobini ya utotoni, kisha zikarudishwa. Wazo ni lilelile la kapsuli, kwa njia nyingine. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, karibu shilingi bilioni 8 zetu, na bado mgonjwa hupitia dawa kali zilezile za kuua uboho. Ijulikane, ifuatiliwe, lakini isitupotezee usingizi kwa sasa.

Kinachonipotezea usingizi ni vipakiti. Zunguka mjini Kampala, au fungua makundi ya WhatsApp ya wazazi, utauziwa unga wa "seli shina" za tufaha au zabibu unaodaiwa kutibu selimundu, kisukari, presha na ugumba kwa mpigo. Muuzaji mwenyewe mara nyingi ni mama aliyeambiwa akiwaingiza wengine watano atapanda cheo. Seli ya tufaha ikifika tumboni husagwa kama tufaha lolote. Hata ungekula uboho wa binadamu, hakuna seli hata moja ambayo ingetoka utumbo ikafika nyongani. Seli shina huingia kwa mshipa, baada ya nafasi kutengenezwa, kutoka kwa mtu anayefanana nawe. Mengine ni biashara ya majonzi. Mtoto anayesimamishiwa haidroksiurea ili anywe vipakiti anadhurika mara mbili, na fedha iliyotolewa ingemtosha dawa halisi kwa muda mrefu. Mamlaka ya Dawa inapaswa kuyachukulia madai hayo kama madai ya dawa, hata kama kwenye pakiti imeandikwa "lishe".

Mpangilio wangu, basi. Kwanza kipimo cha mtoto mchanga kwenye chanjo za mwanzo, wilaya zenye mzigo mkubwa za kaskazini, mashariki na kati zikitangulia, pamoja na penisilini na kinga ya malaria kwa atakayegundulika. Pili haidroksiurea isiyokatika, vituoni na si Mulago tu. Tatu damu na chembe sahani za uhakika. Nne maabara ya vitambulisho, ianze mapema kwa sababu hata anayekwenda India anaihitaji, na familia nyingi huuza kiwanja kabla ya kujua kama kuna ndugu anayefanana. Wodi iandaliwe sambamba, wauguzi wakasome Dodoma ambako lugha si kikwazo na wagonjwa ni kama wetu, ila ifunguliwe pale haya manne yatakapokuwa yanatembea.

Sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo tunayo tangu 2023, na mwaka huohuo Mulago ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Lakini figo hutolewa na mtu mzima aliyekaa akafikiri. Uboho wa mtoto wa selimundu, kwa hesabu niliyoionyesha, utatoka mara nyingi kwa mtoto mwingine, wa miaka sita au tisa, ambaye baba, mama, shangazi na mchungaji wote wanamwambia kwamba uhai wa dada yake uko nyongani mwake. Hatari kwake ni ndogo, nami ningekuwa mzazi ningemruhusu. Bado anahitaji daktari wake mwenyewe, asiyemtibu dada, mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa niaba yake, na kanuni za wodi zitaje daktari huyo kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa.